Mafuta ya Chatu Ndani ya Shoki

Kwa karibu mwezi mzima, mimi mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne, niliamini kwamba ndani ya shoki za gari kuna mafuta ya chatu.

Sikuamini nusunusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba jua litachomoza upande wa Kitui. Shoki, kwa asiyewahi kulala chini ya gari, ni yale mabomba mafupi ya chuma yanayokaa karibu na magurudumu, na kazi yake ni kuzuia gari lisirukeruke likipita shimoni. Sasa, niliambiwa, chatu humeza mbuzi mzima akatanuka kama pipa, kisha baada ya siku chache anarudi mwembamba kama kamba. Basi watengenezaji wa shoki wakakaa, wakafikiri, wakaona hakuna mafuta duniani yanayojua kutanuka na kurudi kama ya chatu. Wakayajaza humo. Shida ni kwamba shoki husafiri kwa meli, baharini kuna baridi, na mafuta hulala. Yakilala, shoki inagonga. Ili yaamke ni lazima yasikie harufu ya chakula chake. Chakula chake ni mbuzi. Kwa hiyo unapaka shoki mafuta ya mbuzi, unaifunga matambara, unalianika gari juani siku tatu.

Soma tena polepole. Kisha ukumbuke kwamba mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza katika fizikia darasa letu la ngumbaru. Tulikuwa wanne tu, lakini wa kwanza ni wa kwanza. Miaka minne nilikaa jioni kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakinigusa kidevu, nikijifunza nguvu na msuguano. Cheti nimekitundika ukutani kwenye fremu. Siku zile za mafuta ya mbuzi nilikigeuza kikaangalia ukuta, na nilisema ni kwa sababu ya vumbi.

Chanzo cha yote ni pikapu yangu na mama yangu.

Pikapu ni ya kupanda milima, magurudumu yote manne yanavuta, na imebeba kila kitu isipokuwa tembo. Hubeba matikiti na nyanya kutoka mashamba ya kumwagilia ya Kibwezi, hubeba mchanga, hubeba mitungi ya maji wakati wa kiangazi, na mara moja ilibeba kwaya nzima ya kanisa letu pamoja na kinanda na mchungaji. Huku kwetu mtu akinunua pikapu, hata kabla ya kuipeleka kuombewa, anaipeleka kuongezewa majani ya springi, vile vyuma virefu vinavyopangwa kimoja juu ya kingine chini ya mwili wa gari. Pikapu isiyoongezewa majani ni kama mwanamume aliyetoka bila mkanda. Watu wanakutazama na kukuhurumia. Yangu ilikuja na majani matano kila upande. Nikaongeza manne. Sehemu ya nyuma ikainuka juu kama yule mdudu wa mavi anaposukuma mpira wake kwa miguu ya nyuma, na mimi nilipita nayo Mbumbuni siku ya soko nikiwa nimetoa kiwiko dirishani, nikijiona gavana.

Mama yeye anakaa milimani juu ya Nunguni, kwenye ukungu, na ng'ombe mmoja anayempenda kuliko watoto wake. Alitegua mguu kwenye tuta la shamba akaanguka, nyonga ikavunjika. Tulimpeleka Kitui kwa sababu dada yangu anaishi huko. Akapasuliwa, akatiwa chuma, akapelekwa nyumbani kwa dada kupona. Baada ya miezi miwili daktari akasema anaweza kurudi kwake, ila kwa sharti moja: asirushwerushwe njiani.

Sasa barabara ya kwenda kwa mama, kile kipande cha mwisho, si barabara. Ni mto uliokauka ambao umesahau kuyaondoa mawe yake. Gari ndogo haipiti. Teksi haipiti. Hata pikipiki hupita zikilalamika. Kilichobaki ni pikapu yangu.

Dada alikuwa na mpango mwingine. "Mama atakaa hapa kwangu," alisema. "Kuna sakafu ya vigae, choo kiko ndani, televisheni ipo. Ng'ombe tutamuuza."

Dada alipoingia jikoni, mama alinishika mkono kwa vidole vyake vigumu. "Nipeleke nyumbani kabla mvua haijashika. Ikishika, ile barabara itakatika. Ikikatika nitakaa hapa mpaka niwe picha ukutani. Joto la hapa linaniivisha kama ndizi."

"Nitakupeleka, mwaitu," nikasema, kwa maana kwetu ndivyo tunavyomwita mama.

"Na gari hilo lako linaloruka?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimempeleka kliniki, mwendo wa dakika kumi, na kwenye tuta moja dogo la lami aliingiza pembe ya leso mdomoni akaiuma. Nilichungulia chini ya gari nikaona shoki za nyuma zinavuja, mafuta meusi yameshikana na vumbi yakawa uji. Nikamuahidi shoki mpya. Nilikwenda Kibwezi kwenye duka la spea nikachukua za rangi ya manjano, si aina iliyokuja na gari bali za kampuni nyingine kabisa, sandukuni pana picha ya gari likiruka juu ya kilima. Ningepaswa kujiuliza kwa nini wachore gari likiruka kwenye sanduku la kitu cha kuzuia kuruka.

Nikazipeleka kwa fundi mmoja kule Mbumbuni, niliyekuwa nimesikia ana mkono mwepesi. Siku hiyo ndiyo nilianza kuchukia gereji. Ardhi yake ilikuwa nyeusi na laini kama maini. Ukikanyaga, kiatu kinarudi na sauti ya busu. Alikuwa anatafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, anatema kijani popote mdomo ulipoelekea, na mara mbili ulielekea kwenye viatu vyangu. Sahani yake ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ilikuwa juu ya betri kuukuu, na kijiko kilichokuwa ndani yake kilikuwa kimekoroga grisi asubuhi. Nilijua kwa sababu nilikiona kikikoroga. Alipomaliza kufunga shoki alijipangusa mikono kwenye kiti changu.

Nikawasha gari. Hatua ishirini, shimo la kwanza: *ko!* La pili: *ko! ko!* Nikarudi.

"Fundi, hizi ni mpya na zinagonga kuliko zile kuukuu."

"Zimelala," akasema bila kuinua kichwa.

"Nini kimelala?"

"Mafuta ya ndani. Ya chatu." Akaniangalia. "Wewe si ndiye yule msomi wa ngumbaru? Hawakuwafundisha?"

Hapo ndipo nilipopotea. Kama angeniita mjinga ningebisha mpaka jua litue. Lakini aliniita msomi, mbele ya wanaume watatu waliokuwa wamekalia tairi, na wote wakanigeukia kuona kama msomi anajua. Nikacheka kidogo, nikajikuna shingo.

"Aa, hayo! Nilikuwa nimesahau tu."

"Basi unajua la kufanya."

"Kumbusha kidogo."

Akanikumbusha: chatu, meli, baridi, mbuzi, matambara, siku tatu. Wale watatu wakaitikia kwa vichwa kama wazee wa kanisa kwenye kipaimara. Leo najua mmoja wao alikuwa amefunika uso kwa kofia kwa sababu alikuwa anacheka.

Nikaenda buchani nikaomba mafuta ya tumboni, yale meupe yanayofunika utumbo kama wavu. Nililala chini ya pikapu uwanjani kwangu nikapaka kwa mikono yangu mwenyewe, nikapaka kwenye bomba, nikapaka kwenye raba za juu na chini, nikafunga matambara ya fulana zangu za zamani. Yakanidondokea sikioni. Yakanidondokea mdomoni, na bado nikaendelea, kwa sababu nilikuwa namfikiria mama na ile pembe ya leso.

Siku ya kwanza hakukuwa na neno. Siku ya pili nzi wa kaunti mbili waliitana mkutano chini ya gari langu, na nadhani walileta wajumbe kutoka Machakos. Siku ya tatu nilifungua tambara moja nikakuta funza, weupe, wanene, wenye afya kuliko mtu yeyote nyumbani kwangu, wakipandana kama abiria wa bure. Mbwa watano nisiowajua walikuwa wakilamba gurudumu la nyuma huku wakinung'unika kwa raha. Kuku wangu waliingia chini wakala walichokula, na tangu siku hiyo sijaweza kuonja yai la nyumbani. Harufu ilikuwa na uzito. Ilikaa kwenye nguo, kwenye ndevu, kwenye chai. Jumapili niliegesha nje ya kanisa, na katikati ya mahubiri mchungaji akanyamaza, akanusa, akauliza kama kuna ndugu aliyefiwa na mnyama. Wazee wawili walitoka kukagua. Walirudi wakaketi mbali na mimi.

Nilichukia gari, nikachukia mbuzi wote walio hai, na nikachukia nafsi yangu. Ila sikuacha kuamini. Shoki ziliendelea kugonga, nami nikasema jua la wiki hiyo lilikuwa hafifu.

Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa milimani. Siwezi kungoja tena, nikasema. Nikatoa matambara, nikaosha kwa maji baridi, jambo ambalo kwa mafuta ya mbuzi ni sawa na kuyabembeleza, nikaelekea Kitui.

Mama alikuwa amevaa tangu alfajiri, kikapu miguuni, mkongojo mkononi. Aliukaribia mlango wa pikapu akasimama.

"Nani amekufa humu?"

"Hakuna, mwaitu. Ni dawa ya shoki."

"Dawa gani inayonuka tumbo la mzoga?"

Nikamweleza habari za chatu. Alinitazama kwa muda mrefu, jinsi alivyonitazama nilipokuwa mdogo nikamwambia simba ndiye aliyekula sukari. Kisha akafunga leso puani, akanipa mkono nimpandishe. Hapo nilijua jinsi alivyotaka kwenda nyumbani, maana mama yangu ni mtu anayerudisha kikombe kwa sababu kimenusa moshi.

Dada alisimama langoni ameziba pua. "Utamrudisha hapa kabla ya saa sita," akaniambia. "Nitaweka chakula chake."

Tukateremka kwa lami ya Kibwezi. Lami ni nzuri, lakini kila karibu na soko wameweka matuta, na kila tuta lilikuwa *ko!* Nilikuwa naenda polepole hata punda akanipita, naapa, punda mwenye mitungi minne. Bado *ko!* Mama mwanzoni alikuwa akisimulia habari za majirani wa dada. Baada ya matuta matatu akaacha. Baada ya matano akashika kile kishikio cha mlangoni kwa mikono yote miwili. Akawa anafumba macho kabla ya tuta, na mimi nikawa nasikia pumzi yake ikikatika. Nilitamani sana aniseme.

Tulipoingia Kibwezi akafungua macho.

"Mwanangu, simama. Kama lami ni hivi, kule kwenye mawe nitafika vipande." Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia ikiwa ndogo hivyo. "Mpigie dada yako. Mwambie ng'ombe auzwe."

Sikupiga. Nilikata kona nikaenda moja kwa moja kwenye lile duka la spea nilikonunua shoki, nikiwa na hasira ya kutosha kuwasha gari bila ufunguo.

Mwenye duka ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye ovaroli ya bluu na kilemba cha kanisani, anayeuza mbele na kufunga vyuma mwenyewe nyuma ya duka. Nilianza kupiga kelele nikiwa bado mlangoni.

"Mama, umeniuzia shoki zilizolala!"

"Zilizo nini?"

Lakini alikuwa ameshamwona mama yangu kwenye gari. Akanipita kama nguzo, akaenda akamshika mkono. "Mwaitu, umetoka wapi na uchungu huo?" Akamteremsha, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, akaagiza chai. Ndipo akachungulia chini ya pikapu. Akatoka haraka, akatema mate kando, akavuta shingo ya ovaroli mpaka puani.

"Hii ni nini, baba?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, pamoja na sehemu ya meli. Hakucheka. Alinitazama kwa kinyaa kile cha mtu aliyekuta nywele kwenye uji, akavaa glavu.

Alifungua boliti ya chini ya shoki moja, akaisukuma juu kwa mkono, akaivuta chini. Ikaingia polepole, ikatoka polepole, bila kukwama.

"Hii haina ugonjwa," akasema.

"Si unaona inavyotanuka na kurudi? Imeamka! Ni jua la leo!"

"Subiri." Akachukua kamba ya mkonge, akapima urefu wa shoki ikiwa inaning'inia wazi. Akaifunga tena kwenye gari, gari limesimama juu ya magurudumu yake, akapima kwa kamba ile ile. Ikatoshana sawasawa. Akanionyesha kamba. "Umeona?"

"Nimeona," nikasema. Nilichoona ni kamba.

Akaenda nyuma, akapiga yale majani ya springi kwa spana, akaanza kuyahesabu kwa sauti. "Leo unabeba nini?"

"Mama yangu tu. Lakini kwa kawaida mimi hubeba tani mbili, siku moja nilibeba tatu, na kuna siku ile ya mchanga ambapo..."

"Baba, nitakueleza shida ukinyamaza."

Sikunyamaza. Nilikuwa nimeanza habari za chatu aliyeonekana karibu na Mutomo, mrefu kama kanisa. Akanisikiliza mpaka kwenye mkia, akavuta pumzi kupitia kitambaa. "Nenda ukanywe chai na mama yako. Nitakuita."

Tulikunywa chai muda mrefu. Kutoka nyuma ya duka nilisikia jeki, nyundo, vyuma vikianguka, na mara kwa mara sauti ya mtu anayekaribia kutapika. Mama alikuwa akitazama mawingu.

Aliporudi alikuwa ametupa glavu. "Nendeni. Polepole kwenye mawe. Ukifika unipigie, nina neno la kukwambia, na ulisikie mpaka mwisho."

Niliona pikapu imeshuka kidogo kwa nyuma. Nikafurahi moyoni: chatu amelegea.

Tuta la kwanza nje ya Kibwezi, nikafumba macho mimi. Hakuna *ko*. Gari liliinama, likainuka, likatulia. La pili hivyo hivyo. Mama aliachia mkono mmoja kwenye kishikio, halafu wa pili. Tukaacha barabara kuu, tukapanda hadi Nunguni, baridi ikaingia dirishani na mama akaivuta kama mtu anayenusa chakula. Kisha tukafika kwenye ule mto uliojiita barabara. Nikatia gia ya kupanda, nikasali kwa Kikamba na Kiswahili, nikaingia kwenye mawe. Pikapu ilitambaa kama kinyonga.

Katikati ya kilima mama akasema, "Hapa si palikuwa na lile shimo lililomvunja mguu punda?"

"Tumeshalipita, mwaitu."

"Sikulisikia."

Matone ya kwanza yalitukuta langoni. Mama aliteremka mwenyewe, akashika ukuta wa nyumba yake kwa kiganja kizima, akaenda kwa mkongojo mpaka kwa ng'ombe, akamkuna shingoni, akamsemesha mambo ambayo hayanihusu. Mimi aliniamuru nipeleke hilo gari lenye mzoga mbali, kule karibu na choo, ili choo kipate cha kusingiziwa. Dada nilimtumia picha ya mama na ng'ombe.

Halafu nikaketi karibu na mama barazani, mvua ikipiga mabati, nikampigia mwenye duka nikiweka sauti juu ili mama naye asikie ushindi wa mwanawe.

"Mama, tumefika salama!" nikapiga kelele. "Yameamka! Mafuta ya chatu yameamka! Nilikwambia ni suala la jua!"

Mama akaweka kikombe chini.

"Baba," sauti ya mwanamke yule ikasema, taratibu, "hakuna chatu. Ndani ya shoki kuna mafuta ya mashine. Shoki haibebi gari, springi ndiyo hubeba; shoki kazi yake ni kuituliza springi. Wewe uliongeza majani manne kila upande, gari likainuka, na shoki zikavutwa mpaka mwisho hata kabla hujawasha injini. Gurudumu likiingia shimoni, shoki haikuwa na mahali pa kwenda, ndiyo ikagonga. Nimeyatoa yale majani, yako kwenye gunia nyuma ya kiti chako. Na hayo mafuta ya mbuzi yanaharibu raba. Yaoshe kwa maji moto na sabuni."